Tunahubiri Nyoka, Kuni Tunaziacha

Shikamooni wakubwa. Wadogo hamjambo. Wa nyuma kule sogeeni mbele, maana nimeitwa kutoa ushuhuda, sijaitwa kuongea na mabenchi matupu. Na kabla hamjaanza kunyoosheana vidole, ndiyo, huu ndio mkono wenyewe. Naunyanyua muuone wote mara moja, halafu tuendelee.

Kwa msionifahamu, mimi ni Mama Upendo, mwinjilisti wa hapahapa kwetu Iringa, njia ya kwenda Tosamaganga. Mume wangu, Baba Upendo, ni fundi seremala. Yeye husema Mungu alipogawa midomo mimi nilipanga foleni mara mbili. Sikatai. Lakini kabla watu hawajaujua mdomo wangu waliujua mkono huu wa kulia. Ukisikia msiba umetokea kijijini, mimi ndiye niliyekuwa nasonga ugali wa watu wote kwenye sufuria kubwa, mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Nilikuwa na nguvu. Tangu nianze kuhubiri nje ya usharika wetu, mambo yakabadilika. Nikifika mahali napewa kiti cha plastiki na soda, nikigusa mwiko wananinyang'anya. Wanasema mtumishi apumzike. Mtumishi gani huyo anayepumzika kabla hajatumika?

Basi, wanawake wa Makongolosi, kule Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, wakaniita kwenye semina yao. Jioni ya kwanza nikahubiri habari za Mtume Paulo. Mnazijua: alikuwa mfungwa safarini, tufani ikavunja merikebu, watu wote wakafika kisiwani wameloa, wengine wameshikilia mbao. Paulo akaumwa na nyoka mkononi, akamkung'utia motoni, wala hakudhurika. Nilihubiri, jamani. Nilipofika pale pa kukung'uta nyoka nikakung'uta na mkono wenyewe, kanisa zima likasimama, akina mama wakakung'uta mikono yao mpaka vitenge vikadondoka.

Asubuhi yake nikakaa kwenye kiti changu cha plastiki. Maharage yalikuwa jikoni, kuni zikaanza kuisha. Mama Neema, mwenyeji wangu na kiongozi wa wanawake pale, akachukua panga kwenda porini nyuma ya kanisa na wenzake wachache. Nikasimama. Akasema, "Mama Mwinjilisti, kaa, wewe ni mgeni."

Nikamwambia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi naomba langu mapema."

Tukaenda tunacheka. Kule kukavu, vumbi jekundu, majani yote yameanguka. Nikaona lundo la matawi ya miombo yaliyokatwa zamani. Nikainama, nikaingiza mkono chini kabisa kutafuta vijiti vya kuwashia. Nikahisi kama mtu amenipiga nyundo nyuma ya mkono, upande wa kidole cha mwisho. Nilipovuta, nikamwona. Moma. Yule nyoka mnene kama mchi wa kutwangia, mvivu, hakimbii hata akisikia miguu ya watu, analala tu pale anakungoja umguse. Alikuwa anafoka kama sufuria inayotaka kumwaga. Mama Neema akampiga kwa panga.

Sasa sikilizeni kosa letu, maana ni kosa la watu wa kanisa kabisa. Mama mmoja mtu mzima akanishika bega akasema, "Usiogope, mtumishi. Jana umetufundisha mwenyewe. Kung'uta."

Nami nikakung'uta. Mkono ukauma mara mbili zaidi.

Wakanirudisha kanisani, wakanilaza kwenye mkeka, wakachana upindo wa kanga wakanifunga juu ya kifundo cha mkono, wakakaza kama wanafunga kuni. Mtu akaleta jiwe jeusi la kunyonya sumu akaliweka penye alama za meno. Halafu wakaanza kuimba na kuomba. Na mimi niliimba, niwe mkweli, beti mbili za mwanzo niliimba vizuri. Lakini mkono ulikuwa unaumuka kama unga uliotiwa hamira. Vidole vikawa vinono, vinang'aa. Pete ya ndoa ikazama kwenye nyama isionekane. Nilikuwa nimevaa pete mkono wa kulia, wa kushoto ilinibana tangu nimzae Upendo. Nikaanza kutapika. Nilitaka kusema nipelekeni hospitali, lakini nilimwangalia yule mama mtu mzima alivyokuwa ananitazama kwa imani, nikaona nitaiangusha imani ya watu wote wa Makongolosi. Nikanyamaza. Mimi, kunyamaza.

Aliyeniokoa ni Baba Upendo, tena kwa simu. Mama Neema alimpigia ili naye huko Iringa aungane nasi kwa maombi. Simu ilikuwa na sauti kubwa, nilisikia kila kitu.

Akauliza, "Mko kwenye gari gani?"

"Hatuko kwenye gari, Baba. Tuko kwenye maombi. Ni kama Paulo, atamkung'uta."

Halafu akasema taratibu, vile anavyosema anapopima mbao, "Mwekee simu sikioni. Mama Upendo, unanisikia? Paulo alisafiri na tabibu wake merikebuni. Luka alikuwemo. Wewe uko na Luka gani hapo? Panda gari."

Mama Neema akasema, "Na maombi?"

"Ombeni humohumo garini. Maombi hayashuki kwenye gari."

Mchimbaji mmoja alikuwa na pikapu imejaa viroba vya mchanga wa dhahabu. Akavishusha vyote barabarani, hakuuliza nani atavilinda. Nikalazwa nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Mama Neema. Hospitali ya Chunya muuguzi aliona ile kanga iliyokazwa akashika kiuno. "Nani amefunga hivi?" Wote tulitazama dari. Akaifungua polepole, akanitundikia maji, akasema dawa ya sumu iko Mbeya. Tukaendelea. Kutoka kwenye joto la Chunya tukapanda milima, baridi ya Mbeya ikatupokea, na mimi natetemeka sijui ni baridi au ni sumu. Fizi zilikuwa zinatoka damu.

Daktari wa Mbeya alikuwa dada mdogo tu, sawa na Upendo wangu. Akanichoma dawa, akanisimamia. Pete waliikata kwa kimsumeno kidogo, na hapo ndipo nilipolia kwa sauti, kuliko hata nilipoumwa. Akaniambia, "Mama, sumu ya moma inakula nyama. Na ile kamba iliifungia sumu sehemu moja ikae inakula vizuri. Maisha yako nadhani tumeyapata. Mkono bado tunautafuta."

Baba Upendo alifika siku iliyofuata na basi. Nikamwonyesha kidole kisicho na pete. Akasema, "Pete ni chuma. Fundi mwenyewe bado nipo." Akanishika mguu kwa sababu ndiyo sehemu pekee ambayo haikuuma.

Lakini mnajua wodi zetu. Wodi ya wanawake mwanamume haruhusiwi kushinda humo, anaingia saa ya kutazama wagonjwa, kengele ikilia anatoka. Mama Neema alikuwa amerudi kwa watoto wake. Upendo alikuwa mzazi wa wiki ile, hawezi kusafiri. Na hospitali zetu daktari anatibu, muuguzi anachoma sindano, ila kuoga, kula na kwenda chooni ni wa kwenu wanakusaidia. Mimi wa kwetu alikuwa uani ameshika chupa ya uji, anaingoja kengele.

Kitanda cha jirani alilala bibi kizee aliyevunjika nyonga. Aliyekuwa anamuuguza ni binti yake, Salima, mfanyabiashara wa vitenge soko la Mwanjelwa. Mwislamu, babu yake alitoka Pwani akaja kufanya biashara Mbeya, akaona baridi akaizoea. Kiswahili chake kinateleza, si kama hiki chetu cha kupanda milima. Aliniona nahangaika na kijiko kwa mkono wa kushoto, uji unaingia shingoni. Akamaliza kumlisha mama yake, akanawa, akaja kuketi kitandani kwangu.

"Shoga, fungua kinywa."

"Mimi ni mwinjilisti," nikamwambia, sijui kwa nini.

"Vema. Wainjilisti nao wana vinywa. Haya, bismillahi."

Nikafungua. Tangu siku hiyo alinilisha, alinifuta mgongo, alinipeleka chooni akanishikia kanga. Akisikia adhana anatoka anaswali, anarudi, "Tulikuwa wapi?"

Nitasema wazi kwa sababu ushuhuda si harusi. Mkono ulifanya malengelenge makubwa yenye maji meusi, yakapasuka. Nyama ilianza kufa, na nyama iliyokufa inanuka. Wageni waliokuja kutazama wengine walikuwa wakipita kwangu wanajiziba pua. Salima hakujiziba. Nikamuuliza, "Husikii harufu?"

"Naisikia. Na mama yangu naye ananuka, na siku nikilala hapo mimi nitanuka. Geuka nikufute."

Jioni moja daktari akaja na mwenzake, wakautazama mkono kwa muda mrefu. Akaniambia, "Mama, weusi unapanda. Kesho asubuhi tutaangalia. Ukiwa umefika hapa," akagusa kifundo, "itabidi tukate, tuokoe mengine."

Nilifikiria mwiko. Nilifikiria mjukuu wangu mchanga ambaye sijambeba. Nikamwambia Mungu, "Bwana, kama lazima uchukue kitu, chukua nusu ya mdomo, niachie mkono." Baadaye nilimsimulia Baba Upendo, akasema angekuwepo angesaini hapohapo.

Salima hakuniambia usijali. Alivuta kiti. Akasema, "Nisimulie basi, huyo Paulo wenu. Kila mtu anayekuja kukutazama anamtaja yeye na nyoka. Alikuwa anatafuta nini hata akakutana na nyoka?"

Nikasema, "Kuni."

"Kuni?" Akaweka mkono shavuni. "Si alikuwa mkubwa wenu?"

Wenzangu, habari ile nimeihubiri Iringa yote, na sikuwahi kusimama pale. Nikaanza kumsimulia upya, naye ananiuliza, na mimi mwenyewe nasikia kama ndiyo kwanza. Mhubiri mkubwa vile, ambaye tufani nzima alikuwa akiwatia moyo watu merikebuni wakati wengine wamekata tamaa ya kuishi. Amefika pwani ameloa, amechoka, ni mfungwa, na kama kuna mtu aliyestahili kiti cha plastiki ni yeye. Lakini ameona moto unataka kuni, akaenda kuokota vijiti. Hakusema mimi nina karama nyingine. Nyoka alimkuta kazini. Na alipopona hakurudi kukaa ili asifiwe. Alikwenda kumwombea mzee mgonjwa wa homa pale kisiwani, na wagonjwa wengine wakaja.

Salima akauliza, "Na huo moto aliuwasha nani?"

"Wenyeji wa kisiwa. Mvua ilikuwa inanyesha na baridi, wakawawashia moto wageni wote."

"Walikuwa wa dini yenu?"

"Hapana. Hawakuwa."

Akacheka mpaka mama yake akaamka. "Basi hao ni sisi," akasema, akanifunika blanketi.

Nililala. Mkono wangu unatazamwa kesho na mimi nililala kama mtoto, maana niliona nimeshafika kisiwani.

Asubuhi daktari akafungua bandeji. Akageuza, akabonyeza, akaita mwenzake. Weusi ulikuwa umesimama. Akasema, "Kidole cha mwisho hakitufai tena, ila mkono ni wako, Mama." Nikamwambia achukue kidole na shukrani zangu. Kimebaki Mbeya, kinanisalimia wenyeji. Wakaondoa nyama iliyokufa, wakachukua ngozi ya pajani wakaishonea hapa nyuma ya mkono. Kwa hiyo ninyi mnaonisalimia kwa mkono huu kila Jumapili mnashika paja la mke wa mtu. Mchungaji, samahani, ila ni kweli.

Uzima ukawa na shida yake. Vidole vilivyobaki viligoma kukunja, vigumu kama miti. Akaja kijana wa mazoezi ya viungo. Akaniuliza, "Mama, nyumbani mnakula nini?"

"Ugali, tutakula nini kingine?"

"Basi hiyo ndiyo dawa yako. Kila siku mega tonge, lifinyange, utie kidole gumba uweke shimo la mboga. Siku utakayofinyanga tonge na likafika mdomoni, mkono umepona."

Salima akaleta ugali wa moto. Nikamega. Likaanguka kwenye shuka. Nikamega, likaanguka. Nikaanza kulia. Yeye akaliokota, akalifinyanga upya kwa mkono wake, akalichovya kwenye mchicha, akanitia mdomoni. Akasema, "Siku likikubali, la kwanza hulili wewe. La kwanza unanilisha mimi." Nikamwahidi.

Niliruhusiwa kabla halijakubali. Nikarudi Iringa, msimu wa baridi, kila chakula ni vita. Matonge yanaruka, Baba Upendo anajifanya haoni. Kuku wetu hawajawahi kunenepa vile. Halafu mchana mmoja tonge likakaa. Nikalitazama. Baba Upendo akaacha kutafuna. Nikalirudisha sahanini, nikala kwa kijiko cha mkono wa kushoto, kwa sababu lile la kwanza lilikuwa na mwenyewe.

Mwaka uliofuata Makongolosi wakaniita tena. Nilipoumwa na nyoka, kuna waliosema nina dhambi iliyofichika. Nilipopona, walewale wakasema mimi ni mtakatifu. Mimi nilikuwa mgonjwa tu. Safari hii wameniwekea kiti, si cha plastiki, cha sofa, kimetolewa nyumbani kwa mtu. Yule mama mtu mzima akanishika mkono akalia, akasema, "Mtumishi, sasa tumejifunza. Mhubiri akae kitini. Kuni si kazi yako, angalia zilivyokufanya."

Nikamwambia, "Mama, mkono huu sijawahi kuutumia vizuri kuliko siku ile. Sikukosea kuokota kuni. Tulikosea kukaa na kanga iliyofungwa wakati gari lipo." Nikavaa mabuti ya mpira, nikashika fimbo ndefu, nikaenda. Nikalichokoa lundo kwanza, nikalipiga, nikangoja, ndipo nikaokota. Mama Neema alikuwa nyuma yangu na panga, na nyuma yake, ninawaambia, wote waliokuja kumwona mtakatifu. Hata mchungaji alibeba tawi. Mahubiri yangu yalikuwa ndiyo hayo, sikuongeza.

Kwa hiyo, wapendwa, nyoka akimuuma mtu wenu: msimfunge kamba, msimchanje, msiweke jiwe. Vueni pete haraka kabla mkono haujavimba. Atulie, asitembee, na mumpeleke hospitali mkiwa mnaomba. Mnaokota kuni? Tangulizeni fimbo, mkono ufuate. Ninamshukuru Mungu, ninamshukuru yule dada daktari, mchimbaji na viroba vyake, na fundi wangu huyu aliyeketi hapa anajifanya anatazama dirishani.

Na Salima sijamsahau: safari ile ya pili ya Makongolosi nilikuwa nimemtumia ujumbe. Siku ya mnada huwa anapeleka vitenge Makongolosi, akaja kanisani na mzigo wake kichwani, wanawake wakajua amekuja kuuza. Tulikuwa tumekaa chini, ugali na maharage vimeshaiva kwa kuni zile. Nikamnawisha mikono. Halafu nikanawa mimi. Kanisa zima likanyoosha shingo, maana walikuwa wanasikia habari za huu mkono mwaka mzima na sasa unakwenda kwenye sahani. Nikamega. Nikafinyanga polepole, vidole vinne, nikatia gumba nikaweka shimo. Nikachovya. Likakaa.

Nikamwambia, "Shoga, fungua kinywa."

Akafungua. Machozi yanamtoka na shavu limejaa. Akatafuna, akatafuna, akameza. Akasema, "Kubwa mno. Unanilisha kama mchimbaji." Kisha akafungua kinywa tena.

Nimemaliza. Naona wa jikoni wanachungulia mlangoni, na hiyo maana yake kuni zimepungua. Fimbo yangu ipo pale pembeni. Nani anakuja nami?